Zawadi za safarini: ya kubeba, ya kupokea na ya kuacha nyumbani

MSAFIRI anayekwenda ng'ambo kumtembelea rafiki aghalabu hushughulikia viza, tiketi na bima miezi kadhaa mapema, lakini suala la zawadi huliacha hadi usiku wa mwisho. Ndiyo maana utawaona watu wakihangaika katika maduka ya uwanja wa ndege wa JKIA, wakinunua kwa bei ya kuruka vinyago na vitambaa ambavyo wangevipata kwa nafuu mjini wiki moja kabla. Wengine hubeba wanachodhani kitamfurahisha mwenyeji, kikaishia katika pipa la maafisa wa forodha hata kabla hawajakutana na rafiki yenyewe.

Hasara hiyo ni ndogo. Kubwa ni pale zawadi inapovunja urafiki, inapomwingiza mtu katika deni asilolitarajia, au inapompeleka gerezani katika nchi ambayo hata lugha yake haijui. Mambo yote matatu hutokea.

Kiswahili chenyewe kinatambua kwamba si kila kinachotolewa ni sawa. Zawadi ni neno la jumla. Tunu ni kitu cha nadra, kinachopendwa kwa sababu hakipatikani hivi hivi. Hidaya hutolewa kwa heshima na mapenzi. Takrima ni ukarimu anaotendewa mgeni. Msafiri mwenye busara hutafuta tunu, kwa sababu rafiki anayeishi London au Toronto hana haja ya kuletewa shati lililoshonwa katika kiwanda kile kile kinacholiuzia duka la mtaani kwake.

Mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss, katika utafiti wake maarufu uliochapishwa mwaka wa 1925, alieleza kwamba zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Wahenga wetu hawakuhitaji kitabu kulijua hilo, maana walisema mkono mtupu haulambwi. Hata hivyo, uzito wa kila wajibu hutofautiana kutoka taifa moja hadi jingine, na hapo ndipo wageni wengi hujikwaa.

Tuanze na kinachofaa kubebwa kutoka Kenya. Majani ya chai ya Kericho au Nandi na kahawa iliyokaangwa ni zawadi zisizo na lawama: ni nyepesi, haziharibiki upesi, na katika nchi nyingi hupita forodhani bila maswali. Kiondo kilichofumwa kwa katani ni chepesi pia, na ndani yake unaweza kupanga zawadi nyingine. Kikoi hukunjwa kikawa kidogo kama leso. Vinyago vya mawe laini kutoka Tabaka, Kisii, vinapendeza, lakini ni vizito na huvunjika. Vifunge katika nguo na uviweke katikati ya sanduku. Vinyago vya mbao vya Wakamba vina historia ya kumsimulia mwenyeji: fundi Mutisya Munge wa Wamunyu anasifiwa kwa kuueneza ufundi huo baada ya kuuona nchini Tanzania wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zawadi iliyo na kisa hukumbukwa kuliko ile iliyo na bei tu.

Kanga inahitaji tahadhari ya pekee. Wengi wanaotoka bara huichagua kwa rangi na kusahau kwamba ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa karibu na pindo la chini. Maneno hayo yanaweza kuwa dua, pongezi, kijembe kwa mke mwenza au onyo kwa jirani mwenye kidomodomo. Rafiki wa kigeni huenda asijue, lakini siku atakapoivaa mbele ya Mswahili mwingine, atatafsiriwa. Isome kabla ya kulipa. Na ununue doti nzima; kipande kimoja ni kama kumpa mtu kiatu cha mguu mmoja.

Chakula ndicho kinachozusha matatizo mengi, na ndicho marafiki walioko ughaibuni wanachokililia zaidi. Mtu aliyeishi Birmingham miaka kumi huota mursik, nyama iliyokaushwa na sambusa za mama yake. Kwa bahati mbaya, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka Kenya kuingia na nyama au maziwa, wala vyakula vilivyotengenezwa kwavyo, hata kama ni kidogo na ni vya kula mwenyewe. Sababu si dharau kwa mapishi yetu. Magonjwa ya mifugo kama vile ule wa midomo na miguu yanaweza kusafiri ndani ya kipande cha nyama, na Uingereza haijasahau mlipuko wa mwaka wa 2001 ambapo mamilioni ya ng'ombe, kondoo na nguruwe walichinjwa. Kibuyu cha mursik ambacho huwalaki wanariadha wetu kwa shangwe pale JKIA hakiwezi kuwafuata wanaporejea mashindanoni Ulaya.

Matunda nayo yana sheria zake. Tangu Desemba 14, 2019, matunda mabichi karibu yote yanayoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje hudaiwa cheti cha afya ya mimea, hata yakiwa mkobani mwa abiria. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Embe la Malindi, basi, halimo.

Asali ni sharti iwekwe katika mzigo mkubwa. Kufuatia njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa London Agosti 2006, viwanja vingi vya ndege duniani viliweka kiwango cha mililita 100 kwa kila chombo cha majimaji kinachoingia na abiria ndani ya ndege, na asali huhesabiwa kuwa majimaji. Vivyo hivyo achari na siagi ya njugu.

Marekani na Australia humtaka abiria atangaze kila chakula alichobeba. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalielewi. Ukitangaza kitu kisichoruhusiwa, aghalabu hunyang'anywa tu na kuruhusiwa kuendelea na safari. Ukikificha, hutozwa faini, na kwa Australia mambo yamekuwa magumu zaidi: tangu Aprili 2019 maafisa wanaweza kumfutia mgeni viza papo hapo uwanjani kwa sababu ya chakula alichoficha, na Oktoba mwaka huo huo abiria mmoja alirudishwa kwao kwa sababu ya nyama ya nguruwe na vyakula vingine mizigoni. Australia hukagua pia vinyago vya mbao, ngoma za ngozi na mikufu ya mbegu, kwa hofu ya wadudu. Kinyago chenye gamba la mti au tundu la dumuzi usikipeleke.

Miraa ni kisa kingine. Uholanzi iliipiga marufuku Januari 2013 na Uingereza ikafuata Juni 24, 2014. Nchini Marekani imo katika mkondo wa sheria za dawa za kulevya. Kwa hiyo kijana wa Meru anayembebea rafiki yake vifungu viwili kama zawadi ya nyumbani anabeba kesi. Kadhalika, usibebe chochote cha pembe, jino au gamba la kasa, wala makombe na matumbawe uliyoyaokota au kuuziwa ufuoni. Mkataba wa kimataifa unaojulikana kama CITES, ulioanza kutumika mwaka wa 1975, pamoja na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka wa 2013, havijali kwamba bangili ya pembe ilikuwa ya nyanya yako. Hata msandali, mti wenye harufu nzuri, umekatazwa kuvunwa nchini tangu mwaka wa 2007.

Lipo jambo jingine ambalo linastahili kusemwa bila kuzungukazunguka. Zawadi hatari kuliko zote ni ile usiyoinunua wewe. Mara tu habari za safari yako zinapoenea, hujitokeza mtu anayekuomba umpelekee binamu yake kifurushi kidogo: sabuni, viatu, pakiti ya unga, au hata sanduku tupu. Wakenya kadhaa wamefungwa katika nchi za Asia kwa dawa za kulevya, na baadhi yao wamesema walikuwa wakimpelekea mtu mzigo. Machi 2025, mahakama moja nchini Vietnam ilimhukumu kifo Mkenya aliyepatikana na zaidi ya kilo mbili za dawa za kulevya sandukuni. Alijitetea kwamba aliajiriwa kulipeleka sanduku hilo na hakujua kilichofichwa ndani. Mahakama hutazama jina lililo kwenye mzigo.

Desturi zetu hufanya iwe vigumu kumkatalia mtu mzima ombi kama hilo, hasa akiwa shangazi au jirani wa miaka mingi. Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba heshima haivunjwi na ukaguzi. Mwombe alete vitu vikiwa wazi, uvipange wewe mwenyewe mbele yake, ufungue kila kopo. Aliye na nia njema hatakasirika. Anayekasirika amekujibu. Kitu kilichoshonwa au kuzibwa kisibebwe kabisa, hata kingetoka kwa askofu.

Ukishavuka forodha, linabaki suala la adabu. China ndiyo nchi yenye mitego mingi kwa mgeni, na chanzo chake ni lugha. Katika Kichina, maneno ya kumpa mtu saa ya ukutani au ya mezani hutamkwa sawa na maneno ya kumsindikiza anayekata roho. Neno la mwavuli linakaribiana na lile la kutawanyika, na la pea na lile la kutengana. Nambari nne hukumbusha kifo, ilhali nane hupendwa kwa sababu huhusishwa na utajiri. Si wasafiri wa kawaida pekee wanaonaswa. Januari 2015, Susan Kramer, aliyekuwa waziri mdogo wa uchukuzi wa Uingereza, alimtunuku meya wa Taipei, Ko Wen-je, saa ya mfukoni. Meya aliwaambia wanahabari kwamba angeweza kumpa mtu mwingine au kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu. Wote wawili walilazimika kuomba radhi: mgeni kwa kutojua, na mwenyeji kwa ulimi wake.

Vilevile, Mchina wa rika la wazazi anaweza kuikataa zawadi mara mbili au tatu kabla ya kuipokea. Hiyo ni staha, si chuki, nawe huna budi kusisitiza kwa upole. Zawadi hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, jambo ambalo Mkenya aliyelelewa vyema halitamtatiza. Haitarajiwi ifunguliwe mbele ya mtoaji.

Wajapani wameifanya zawadi ya safari kuwa taasisi kamili. Wana neno omiyage, yaani vitu anavyowaletea msafiri watu wa nyumbani na kazini akirejea, na neno temiyage kwa kile anachobeba mgeni mkononi anapokwenda kwa mtu. Katika vituo vyao vya treni kuna maduka tele ya peremende na keki za kila eneo, kila moja ikiwa imefungwa peke yake ili zigawiwe kwa urahisi ofisini. Kufunga ni nusu ya zawadi. Kitu cha bei ndogo kilichofungwa kwa unadhifu humzidi cha bei kubwa kilichotiwa katika mfuko wa duka. Epuka vitu vinne au tisa, kwa kuwa nambari hizo hutamkwa kama kifo na mateso. Na usishangae ukiletewa zawadi ya kujibu yako siku chache baadaye. Kwa sababu hiyo, kumpa Mjapani kitu cha thamani kubwa mno ni kumtwika mzigo, maana atajiona ana wajibu wa kukulipa kwa kiwango kinachokaribia hicho.

Nchini India, pesa za zawadi huongezwa rupia moja: 101 badala ya 100, 501 badala ya 500. Mkono wa kulia ndio unaotoa. Ngozi ya ng'ombe haimfai mwenyeji Mhindu, hata ikiwa ni mkoba maridadi wa shanga za Kimaasai. Shanga zenyewe zinatosha.

Ulaya, maua ndiyo zawadi rahisi ya kumpelekea mwenyeji aliyekualika mlo, lakini hesabu. Nchini Urusi na Poland, idadi shufwa ya maua ni ya msibani. Aliye hai hupewa matatu, matano au saba. Nchini Ufaransa, krisantemu hupelekwa makaburini Novemba mosi, siku ya watakatifu wote. Wajerumani hupendelea karatasi iondolewe kabla ya kukabidhi maua. Chupa ya mvinyo ni ya kawaida Uingereza, na asiyetumia kileo aweza kupeleka chokoleti bila kuonekana mshamba.

Oman na Ghuba ni eneo ambalo Mswahili ana undugu nalo, na kwa hiyo hana kisingizio. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka wa 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka, na Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka wa 1970 nyingi zilirejea huko na Kiswahili chao. Hadi leo utakisikia katika mitaa ya Muscat. Kwa wenyeji kama hao, doti ya kanga au karafuu safi huamsha kumbukumbu ambazo duka la dhahabu haliwezi kuziamsha. Utakirimiwa kahawa, tende na halua, nawe usikatae kikombe cha kwanza. Ukitosheka, kitikise kidogo unapokirudisha. Kukinyoosha tu ni kuomba kujaziwa tena. Usipeleke pombe, wala vyakula vyenye nguruwe. Pia jihadhari na sifa: ukilisifia zulia au buhuri la mwenyeji kupita kiasi, huenda akajiona analazimika kukupa.

Kupokea kuna fani yake, na nadhani sisi Wakenya hatujaifunza vizuri. Tumezoea kushukuru, kuweka zawadi kando na kuifungua wageni wakishaondoka, ili macho ya pupa yasionekane. Kwa Mwingereza au Mmarekani, tabia hiyo humvunja moyo mtoaji, kwani yeye anasubiri kuona uso wako unapofungua. Mfungulie. Kitu kikiwa hakikupendezi, sifia fikira zake za kukukumbuka na uachie hapo. Katika nchi hizo hutolewa wakati mwingine risiti ya zawadi isiyoonyesha bei, ili mpokeaji aweze kubadilisha saizi dukani. Hilo si tusi.

Kwa anayelala kwa rafiki siku nyingi, kitu alichobeba sandukuni hakitoshi. Huko gesi, umeme na maji ya moto hulipiwa kwa bei inayouma, na mwenyeji huenda ameomba likizo kazini ili akupokee uwanjani. Methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ina nguvu zaidi katika chumba kimoja cha kukodi mjini Boston kuliko ilivyo kijijini. Nunua vyakula vya nyumba mara moja kwa wiki. Pika chapati. Osha vyombo bila kuulizwa. Ukiondoka, mwandikie barua au kadi fupi ya shukrani. Kwa wenyeji wa Magharibi karatasi hiyo ina thamani kuliko inavyodhaniwa huku kwetu.

Hatimaye ni safari ya kurudi, na swali ambalo kila aliyepanda ndege hulijua: umetuletea nini? Wapo waliorejea na madeni ya kadi za benki kwa sababu ya swali hili. Nyumbani huaminika kwamba aliyefika ng'ambo amefika penye neema, ilhali pengine alikuwa mwanafunzi anayeosha sahani usiku. Ushauri wangu ni kwamba orodha iandikwe kabla ya kuondoka Kenya, na isiongezwe kwa simu. Wazazi na waliokulindia nyumba au watoto watangulie. Wengine watagawiwa kitu kidogo cha kuliwa, kwa mtindo ule wa Wajapani, na mtoto wa jirani atafurahia kalamu ya rangi kuliko shati lisilomtosha. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Ukumbuke pia Mamlaka ya Ushuru (KRA). Novemba 2023 ilipowakumbusha wasafiri kwamba bidhaa zenye thamani ya zaidi ya dola 500 zingetozwa ushuru, malalamiko yalizuka kote nchini, lakini sheria hiyo ya forodha ya Afrika Mashariki haikuwa ngeni. Kiwango kinaweza kubadilishwa, hivyo kiangalie katika tovuti ya mamlaka kabla ya kununua, na uhifadhi risiti. Afisa asipoona risiti hukadiria bei mwenyewe, na makadirio yake ni nadra kukupendelea. Mtu anayebeba fedha taslimu za dola 10,000 au zaidi hana budi kuzitangaza. Na rafiki wa kigeni anayekuja nawe aambiwe mapema kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, hata ile anayopewa na maduka ya uwanja wa ndege alikotoka.

Kwa maafisa wa serikali, mambo ni tofauti kabisa. Kipengele cha 76 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli ya umma ni mali ya Jamhuri na hukabidhiwa Jamhuri. Saa ya dhahabu iliyotolewa na mwenyeji wa kongamano, basi, haistahili kuonekana mkononi mwa mheshimiwa kanisani Jumapili inayofuata. Kikoi alichonunuliwa na rafiki wa shule aliyemtembelea jioni, nje ya kazi, hicho ni chake.